Datsun 240Z ya Safari 1971 kutoka Hasegawa: uzoefu wangu wa miezi mitatu

Mjomba wangu alikulia Mariakani, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Anasema utotoni mwao Pasaka ilinukia vumbi. Walitoka alfajiri, wakapanga foleni ukingoni mwa mtaro, wakasubiri magari ya mashindano ya Safari. Mwaka hakumbuki. Gari analikumbuka: jekundu, boneti nyeusi, mlio wake kama mtu anayepasua khanga mpya.

Gari hilo lina jina, Datsun 240Z, na Hasegawa ya Japani imetengeneza modeli yake ya kuunganisha kwa skeli ya 1/24. Nililiona kwenye duka la mtandaoni usiku mmoja, nikaagiza kabla chai haijapoa. Hapa nasimulia yaliyofuata, maana wengi huniuliza kama starehe hii inafaa kuigharimia ukiwa huku Pwani.

Kwa asiyejua: modeli hizi si magari ya kuchezea yaliyokwisha kutengenezwa. Unanunua sanduku. Ndani mna fremu za plastiki zenye vipande vingi vidogo, vioo vya plastiki angavu, tairi za mpira, karatasi ya stika za kulowekwa maji na kijitabu cha michoro. Gundi, rangi na subira unatafuta mwenyewe. Skeli ya 1/24 maana yake kila futi moja ya gari halisi imekuwa nusu inchi, hivyo gari la mita nne na ushei linakuwa sentimita 17 hivi. Linajaza kiganja, likafika karibu na ncha za vidole.

Sanduku ni la "1971 Safari Rally Winner", yaani gari namba 11 lililoendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mashindano yalianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakaitwa East African Safari kuanzia 1960, na katika zama hizo yalipita Kenya, Uganda na Tanzania. Herrmann na Schüller walishinda 1970 kwa Datsun 1600 SSS, wakarudi mwaka uliofuata na 240Z wakashinda tena. Mwaka 1973 Shekhar Mehta naye akachukua kwa 240Z, baada ya kulingana pointi na Harry Källström wa Datsun nyingine. Ukikutana na mzee anayeapa kwamba Datsun zilikuwa "gari za hapa kwetu", usibishane naye.

Tuje kwenye gharama. Sanduku lenyewe halikuniumiza. Kilichoniumiza ni usafiri na ushuru, ambavyo vikijumlishwa vilipita bei ya sanduku. Na rangi za makopo ya kupuliza hazikuja kabisa, kwa sababu makopo yenye gesi hayaruhusiwi kwenye vifurushi vya ndege. Kijitabu cha Hasegawa kinakutajia rangi kwa namba za kampuni ya GSI Creos, namba ambazo ukizipeleka duka la rangi Mwembe Tayari, hapa Mombasa, utaangaliwa kama uliyetumwa dawa kwa lugha ya kigeni.

Kwa hiyo nilikwenda kwa fundi wa rangi za magari kule Changamwe. Nilimwonyesha picha ya sanduku, akachanganya nyekundu kwenye kikopo kidogo, akaipima kwa jicho, akaongeza tone la njano, akasema, "Hii ndiyo." Kuhusu rangi yenyewe hakukosea. Tatizo ni thina. Rangi ya magari imetengenezwa kwa ajili ya bati, na thina yake ni kali mno kwa plastiki ya polistairini: inaweza kuila ikaacha nyufa nyembamba kama ngozi ya kisigino kipindi cha kipupwe. Nilijaribu kwanza kwenye vijiko vya plastiki. Vijiko viwili viliharibika, cha tatu, nilichokipaka praima, yaani rangi ya kutangulia, tabaka mbili nyembamba na kukiacha kulala usiku mzima, kikatoka salama. Ukisoma haya na ukakumbuka jambo moja, basi liwe vijiko. Pakiti moja ni bei ya andazi na chai, na inaokoa gari zima.

Kuunganisha kwenyewe ndiko kunakonifanya nirudi kwenye starehe hii kila mara. Kipande hakiondolewi kwenye fremu kwa kuvunja. Unakata kwa plaisi ndogo mbali kidogo na kipande, halafu unakata tena karibu, kisha wembe, kisha msasa laini wenye maji, mpaka alama ya kukatia ipotee chini ya kidole. Gundi ninayotumia ni ile ya kampuni ya Tamiya yenye kifuniko cha kijani, nyembamba kama maji. Haigandishi kama gundi ya viatu. Inayeyusha plastiki kidogo tu pande zote mbili, zikashikana zikawa kitu kimoja. Unashikanisha vipande kwanza, unagusa ungio kwa ncha ya brashi, na gundi inakimbia yenyewe ndani ya ufa. Mara ya kwanza kuiona ikikimbia hivyo nilimwita mke wangu aje atazame. Alitazama, akaniuliza kama hiyo harufu itafika kwenye mchuzi. Tangu siku hiyo nafanyia kazi barazani.

Ndani ya gari nilitumia wiki mbili, nikijua fika kwamba paa likishafungwa nitaona robo yake. Siti, dashibodi, usukani mwembamba, vyote nilivipaka kwa brashi ya nywele chache. Hakuna atakayeviona. Mimi najua vipo.

Sasa kosa, na ni langu mwenyewe. Nilipuliza nyekundu mwishoni mwa Aprili, mvua za masika zimeshika. Rangi ilitoka mkononi inang'aa kama tufaha, na dakika chache baadaye ikaanza kupauka, ikawa na utando mweupe kama kioo cha bafu. Nilidhani rangi ni mbovu, nikaenda nayo Changamwe nimekunja uso. Fundi hakuinua hata kichwa. "Umepuliza na mvua wewe. Thina ikiruka inapoza rangi, na hewa imebeba maji, maji yanakaa juu. Mimi leo hata Probox siligusi." Alikuwa amekaa juu ya ndoo anakunywa kahawa, na kweli gereji nzima hakuna gari lililokuwa likipulizwa. Nilisubiri karibu wiki tatu hadi nikapata alasiri kavu yenye upepo, nikasugua utando kwa msasa wa maji, nikapuliza upya. Vijitabu vya Kijapani havina ukurasa wa masika ya Mombasa.

Boneti ni nyeusi isiyong'aa, na haikuwa pambo: jua likipiga boneti nyekundu inayong'aa linamrudi dereva machoni. Hapa ndipo unahitaji mkanda mzuri wa kuzibia sehemu zisizotakiwa kupata rangi. Mkanda wa karatasi wa duka la vifaa vya ujenzi unaacha ukingo wenye meno, rangi ikapenya chini. Nilinunua wa kampuni ya modeli, mwembamba, nikabonyeza ukingo wake kwa kijiti cha meno. Mstari ulitoka kama uliokatwa kwa wembe.

Halafu stika. Hizi si za kubandua na kubandika. Unakata, unaloweka kwenye maji ya uvuguvugu kama nusu dakika, unasubiri ilegee, halafu unaitelezesha kutoka kwenye karatasi yake hadi kwenye gari kwa brashi yenye maji. Ni nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Namba 11 ya mlango wa kushoto ilikuwa ndiyo kwanza inateleza vizuri, shemeji yangu akaingia na kuwasha feni ya dari. Stika iliinuka, ikajikunja, ikajishika yenyewe ikawa kama uzi. Nilibaki nimeinua brashi, sisemi. Nikairudisha kwenye sahani yenye maji, nikaketi dakika 20 nikiisukuma na kuipapasa kwa ncha ya brashi hadi ikafunguka, pembe moja baada ya nyingine. Ukitazama kwa karibu sana, ile moja ya pili ina mkunjo. Kwa mbali haionekani, na shemeji hajaambiwa.

Je, wewe ununue? Ukiwa hujawahi kuunganisha chochote, usianzie hapa. Gari jekundu linalong'aa halifichi kosa hata moja. Anza na ndege ndogo ya skeli ya 1/72. Airfix ya Uingereza wana sanduku za kuanzia ambazo gundi, brashi na rangi zimo ndani, na ukiharibu Spitfire ya sentimita 16 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa hujaharibu mshahara. Au kifaru cha 1/35, maana kifaru kikiwa na matope na mikwaruzo ndiyo kwanza kinapendeza. Lakini ukishapita hatua hiyo, na kama wewe ni mtu uliyewahi kusimama Naivasha tangu mashindano yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, ukala vumbi na ukafurahi, Datsun hii italipa kila usiku utakaoipa. Wenzangu wengine hukusanya sanduku tu, wanazirundika juu ya kabati bila kuzifungua. Siwalaumu. Mimi mwenyewe ninazo nne.

Nilipomaliza, gari lilikuwa safi, linang'aa, vilevile kama lilivyo kwenye sanduku. Nikampelekea mjomba. Alilishika kwa mikono miwili, akaligeuza, akaliangalia chini, akaniuliza, "Mwanangu, hili limeoshwa na nani?"

Nilimweleza kwamba ndivyo lilivyoanza mashindano. Akasema hajawahi kuliona linaanza, aliliona likipita.

Nikarudi nalo nyumbani. Nilichota udongo mwekundu wa kwao Mariakani, nikauchekecha kwa kitambaa cha pazia, nikaujaribu kwenye kijiko. Haukufaa. Chembe zake zilikuwa kubwa mno: kwenye gari lililopunguzwa mara 24, punje ya mchanga inakuwa jiwe. Nikaacha udongo, nikasaga chaki, ya kahawia na ya machungwa, ikawa unga kama poda ya mtoto, nikaupaka kwa brashi kavu chini ya milango, nyuma ya tairi, kwenye bampa, nikaacha boneti na namba wazi. Mkono ulitetemeka. Miezi mitatu ya kusugua na kung'arisha, na sasa nalichafua gari kwa hiari yangu.

Mara ya pili mjomba hakuuliza kitu. Alivaa miwani, akaliweka gari kwenye mkono wa kochi, akafumba jicho moja, akalisukuma polepole kuelekea kwenye mto huku akifanya kwa mdomo ule mlio wa khanga inayopasuka. Kioo cha pembeni kilibaki kwenye kitambaa cha kochi. Nimeshakigundisha mara mbili tangu siku hiyo, na bado analiomba kila nikienda.