Uzoefu wangu na seti ya mapishi ya Kimeksiko: kibanio safi, unga safi, kinu cha uongo

Nimekaa na seti hii miezi minne kabla ya kuandika chochote, maana najijua. Kitu kikiwa kipya jikoni nakisifia hata kama hakifai. Sasa upya umekwisha: kibanio kimeshashika kutu na kusuguliwa, unga umeisha mara mbili, na kimojawapo cha vilivyokuwemo kimeshafukuzwa jikoni.

Ndani ya boksi kulikuwa na kibanio cha chuma kizito cha kubania tortilla (chapati nyembamba za mahindi), mfuko wa kilo 1 wa unga wa masa harina, pakiti nne za pilipili kavu (ancho, guajillo, chipotle na árbol), kinu kidogo cha miguu mitatu kilichobandikwa jina "molcajete", kopo la kutikisia kokteli na kikombe chake cha kupimia, na kijitabu cha mapishi. Tekila, ile pombe kali ya Meksiko, haimo, hiyo unajitafutia mwenyewe.

Nianze na unga, kwa sababu ndio ulionifumbua macho. Zamani niliwahi kujaribu tortilla kwa unga wa mahindi wa kawaida. Zilipasuka kingo, zikakatikia kwenye kikaango, nikasema mikono yangu haina baraka. Kumbe kosa halikuwa la mikono. Wameksiko hawasagi mahindi makavu. Wanayachemsha na maji ya chokaa, wanayaacha yalale humo usiku kucha, wanayaosha mpaka maganda yatoke, ndipo wanasaga yakiwa bado mabichi mabichi. Mahindi yaliyopitia hapo yanaitwa nixtamal, neno la Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Chokaa ndiyo inayolifanya donge lishikamane. Masa harina ni donge hilo hilo lililokaushwa na kusagwa tena, wewe kazi yako ni kulirudishia maji tu. Ukitumia unga wa kawaida, hata ukande mpaka jasho likutoke, hupati tortilla inayokunjika.

Na si suala la kushikamana peke yake. Chokaa huifungua niasini, moja ya vitamini B, iliyofungwa ndani ya mahindi, mwili ukaweza kuitumia. Mahindi yalipofika Ulaya, ujuzi huo haukusafiri nayo, na maskini wa kaskazini mwa Italia waliokuwa wakiyategemea kwa kila mlo wakaugua pelagra: ngozi kubabuka, kuhara, akili kuvurugika, na wengi kufa. Tangu nijue hilo, nikifungua mfuko na ile harufu ikapanda, kama ya ukuta uliopakwa chokaa ukipigwa na mvua, naiheshimu.

Kijitabu kinasema vikombe 2 vya unga kwa kikombe 1 na nusu cha maji ya uvuguvugu, pamoja na chumvi kidogo. Kwangu hayakutosha. Kipimo ninachokiamini ni hiki: finyanga kidonge cha ukubwa wa ndimu, kibonyeze kwa kidole gumba. Kingo zikipasuka, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Kikikunata kiganjani, umezidisha. Kisha funika donge kwa kitambaa chenye unyevu, uliache lipumzike dakika 20 hadi 30. Hilo la kupumzisha kijitabu hakikulitaja kabisa, na ndilo lililoniharibia tortilla zote za siku ya kwanza.

Sasa kibanio. Ni mabamba mawili ya duara, bawaba huku, mpini kule, na kina uzito wa kutosha kukuvunja kidole cha mguu. Uzito huo ndio kazi yenyewe, huhitaji kukilalia kwa kifua kama nilivyofanya mimi nikapata kitu chembamba kama karatasi kisichobanduka. Unaweka kidonge katikati, unafunga, unabonyeza mpini taratibu. Halafu unafungua, unaizungusha tortilla nusu duara, unabonyeza tena kidogo, kwa sababu upande wa bawaba na upande wa mpini haukubani sawasawa. Kijitabu kinashauri karatasi ya kuokea kati ya donge na chuma. Usihangaike. Chukua mfuko wa plastiki wa kuhifadhia chakula, ukate pembeni, ufungue kama kitabu. Tortilla inabanduka yenyewe.

Kikaango kiwe kizito, kikavu, na kimepata moto haswa. Tupa tortilla, hesabu sekunde 20, geuza. Upande wa pili uache karibu dakika moja mpaka upate madoa ya kahawia. Geuza tena, na hapa ndipo utajua kama donge lako lilikuwa sawa: itavimba katikati kama shavu la mtoto aliyenuna. Siku ya kwanza haikuvimba hata moja. Wiki ya tatu zikavimba sita kwa mpigo, nikaita watu waje kuona. Ukizitoa, zifunge pamoja ndani ya kitambaa kwa dakika 10 zimalizie kuiva kwa mvuke wao. Ukizila moja kwa moja kutoka motoni utaziona ngumu, utaulaumu unga bure.

Lawama yangu kwa kibanio ni moja. Hakuna mahali walipoandika kwamba kisiachwe na maji. Nilikiosha usiku, nikakiacha kwenye chanja, asubuhi kina wekundu. Ilibidi nikisugue kwa chumvi na kitambaa, nikikaushe juu ya moto mdogo, nikipake mafuta kidogo sana. Tangu hapo nakifuta tu.

Pilipili ni nzuri kuliko nilivyotarajia, laini, hazijawa vigae. Ancho ni pilipili aina ya poblano iliyokaushwa, ina utamu wa matunda makavu na ukali haba. Chipotle ni jalapeño iliyoiva ikakaushwa kwa moshi, na ukiifungua tu pakiti nyumba nzima inanuka kama kuna kitu kinabanikwa. Árbol ni ndogo na haina adabu. Mchuzi ninaoupika kila wiki ni wa guajillo nne na árbol mbili, nyanya tatu zilizobabuliwa mpaka maganda yakawa meusi, na punje tatu za kitunguu saumu zilizochomwa na maganda yake. Pilipili zitoe mbegu, zipitishe kwenye kikaango sekunde chache kila upande, mpaka harufu itoke tu, kisha zilowe maji ya moto dakika 20. Sekunde chache si namna ya kusema. Mara ya kwanza niliitika simu, nikarudi moshi umetanda, sote tunakohoa, na mchuzi ukatoka mchungu ambao hata sukari haikuuponya.

Haya, tufike kwenye kinu.

Molcajete ya kweli huchongwa kutoka jiwe la volkano, basalti yenye vitundu vya asili, na mchi wake huitwa tejolote. Kikiwa kipya unakifunza kwanza: unasaga mchele mkavu ndani yake, unamwaga, unasaga mwingine, mpaka ule unga utoke mweupe. Nikasaga. Wa kwanza ukatoka wa kijivu, sawa, nilitegemea. Wa pili wa kijivu. Wa tano wa kijivu. Nikajiambia labda jiwe lina tabia yake, nikakiosha, nikatengeneza guacamole (parachichi la kupondwa), nikakileta mezani kwa mbwembwe zote, kinu chenyewe kikiwa ndio bakuli. Mdogo wangu akachota, akatafuna, akanyamaza. Halafu akasema taratibu, "Dada, samahani, parachichi lako lina mchanga."

Lilikuwa na mchanga kweli. Usiku ule nilikwaruza kitako cha kinu kwa msumari, kikamwaga vumbi laini la kijivu kama la sakafu mpya ya saruji. Na vile vitundu nilivyokuwa navisifia, ukivitazama karibu vimetobolewa, vina ukubwa mmoja vyote. Ni zege lililomiminwa kwenye kalibu. Nilipomwandikia muuzaji alinijibu niendelee kusaga mchele. Nikamtumia picha za vumbi na za vitundu, ndipo akanirudishia sehemu ya pesa, bila neno la samahani. Kinachoniudhi si hasara. Nisingekuwa na mdogo wangu mwenye mdomo mwepesi, tungekula saruji wiki nzima. Ukinunua seti ya aina hii, kinu hicho kifanyie jaribio la msumari kabla hujakitia chakula.

Guacamole sasa nazitengeneza kwenye kinu changu cha mbao cha siku zote na sijaona kilichopungua. Siri ni mpangilio: ponda kwanza kitunguu, pilipili mbichi, majani ya giligilani na chumvi mpaka viwe uji wa kijani, ndipo parachichi liingie, na lisipondwe likaisha. Libaki na mabonge. Ndimu mwishoni.

Kuhusu kijitabu nina maneno machache. Jalada linasema "Meksiko halisi", ukifungua unakutana na vigamba vya taco (tortilla iliyokunjwa na kujazwa nyama) vigumu vya njano, jibini ya kumwagiwa juu na bizari nyembamba kwenye kila kitu. Hivyo ni vya upande wa pili wa mpaka, Texas na majirani zake, na sivichukii, navila. Lakini UNESCO ilipoyaingiza mapishi ya jadi ya Meksiko kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2010, kilichotajwa kuwa msingi ni mahindi, maharage na pilipili, pamoja na huo huo utaratibu wa chokaa. (Kwa wanaouliza kwa nini naandika taco kwa c: jaribu kuiandika kwa herufi zetu uone umemwalika mgeni aje kula nini.) Mapishi mawili yanayofaa kweli ni ya vitunguu vyekundu vilivyolowekwa kwenye ndimu na ya nyama ya nguruwe ya mtindo wa Yucatán, cochinita pibil, ingawa hata hapo wameacha majani ya mgomba wakaweka foili. Nilirudisha majani. Harufu yake inaingia kwenye nyama, foili haina cha kuingiza.

Upande wa vinywaji niliuingia kwa dharau nikatoka nimekubali. Kijitabu kinapima kwa aunsi, kikombe cha kupimia kina alama za mililita, na aliyevitia kwenye boksi moja hakuliona hilo. Kumbuka aunsi 1 ni kama mililita 30, maisha yaendelee. Kwa margarita, kokteli ya tekila na ndimu, nimeachana na kipimo chao nikashika kile cha chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa: tekila mililita 50, triple sec (pombe tamu ya machungwa) 20, maji ya ndimu 15. Ndimu ikamuliwe dakika hiyo hiyo. Ya chupa, ambayo kijitabu kinairuhusu, ina ladha ya sabuni. Chumvi paka nusu ya mdomo wa glasi, anayeitaka aifuate, asiyeitaka ageuze glasi.

Chupa ya tekila itafute iliyoandikwa asilimia 100 agave, mmea unaotoa tekila. Isiyoandikwa hivyo sheria inairuhusu ichanganywe na sukari nyingine hadi asilimia 49, na kesho yake kichwa kitakueleza. Ya kutikisa iwe blanco, ile nyeupe isiyolazwa kwenye pipa. Añejo imelala kwenye pipa mwaka mmoja au zaidi, kuizamisha kwenye ndimu ni kuionea.

Kopo la kutikisia ni la chuma, zuri kwa macho, lina tabia mbaya moja: ukishatikisa na barafu, chuma kinapoa, kinajikaza, na kifuniko kinagoma. Kwenye mkusanyiko wetu wa kwanza tulikuwa watu watatu tunavutana na kopo huku barafu inayeyuka ndani na margarita inageuka maji. Likumbatie kwa viganja viwili nusu dakika, gonga ubavuni, litaachia. Au fanya kama mimi siku hizi, tengeneza paloma, haihitaji kopo: tekila, ndimu, chumvi kidogo na soda ya balungi, vyote ndani ya glasi ndefu yenye barafu.

Mume wangu hatumii pombe, na kwa upande wake kijitabu kimetoa ukurasa mmoja tu wa agua fresca, vinywaji baridi visivyo na pombe. Ni uchoyo, kwa sababu hivyo vinywaji ni nusu ya raha ya chakula hiki. Cha rosela, ambacho wao hukiita agua de jamaica, kinakata mafuta ya nyama kuliko kokteli yoyote: chemsha maua makavu konzi mbili kwa lita 1 ya maji, chuja, weka sukari, kipoe. Horchata inataka subira, mchele na kijiti cha mdalasini vilale kwenye maji hadi asubuhi, kisha visagwe na kuchujwa kwenye kitambaa. Mdogo wangu, yule yule wa mchanga, sasa akija huuliza horchata kabla hajavua viatu.

Nikipewa nyota za kugawa, kibanio kinachukua 5, unga 5, pilipili 4, kopo 3, kijitabu 2, kinu nisilazimishwe kukipa kitu. Kama mtu ana kikaango kizito na kinu chochote nyumbani, anunue kibanio na unga peke yake, pilipili aagize kwa pakiti. Kilo 1 ya unga hunitolea tortilla zaidi ya 60 za upana wa kiganja kilichotanuliwa. Mfuko ukishafunguliwa ufunge vizuri na uuweke pakavu. Wangu wa pili niliuacha wazi wiki mbili ukaingia wadudu, nikaumwaga wote.