TAHADHARI: Muuza mabomba ya keji Gerezani kanipiga 1,080,000

Wakuu, nimepigwa. Mimi, yule yule niliyewacheka mlionunua shokapu zilizopakwa rangi. Chekeni mmalize, kisha msome.

Naiandaa Starlet yangu kwa mbio za rally. Ilibaki keji tu, ile fremu ya mabomba ndani ya gari inayokukinga ukibiringika.

Jumamosi nimeingia kwenye kichochoro pale Gerezani, Dar. Nimetamka "keji" tu, jamaa akanimalizia: "Arobaini na tano kwa mbili na nusu, isiyo na mshono, au siyo engineer?" Hapo ndipo nilipoliwa. Yaani kipenyo milimita 45, unene wa ukuta 2.5. Hivyo ni vipimo vyenyewe vya FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, vya upinde mkuu wa keji, ule unaosimama nyuma ya viti vya mbele. Muuza mabomba ya maji anavijulia wapi? Akatoa kipande cha mfano, urefu wa mkono. Nikatoa kalipa yangu ya kupimia unene (ndiyo, nilikwenda na kalipa, msinione bwege kabisa), nikazungusha pande zote: milimita 2.5. Nikachungulia ndani: laini kama mtutu wa bunduki. Akasema mzigo ulibaki kwa timu iliyokuja Safari Rally kule Naivasha, yeye kauvusha Namanga. Cheti akanionyesha kwenye simu. Adhana ikalia, akaenda kuswali, akaniacha peke yangu na droo ya pesa iko wazi. Wewe ungemshuku?

Bomba la mita 6 ni 180,000. Nikachukua sita, nikarusha pesa kwa simu palepale. Jina likatokea la mwanamke. "Huyo shemeji yako," akasema. Nikacheka. Nilicheka, jamani.

Mabomba yakatoka stoo kila ncha ina kifuniko cha plastiki, "yasiingie vumbi, engineer." Kijana wake akabeba matatu begani kwa mkupuo mmoja, akayatupa kwenye kirikuu huku anapiga mluzi. Nikasema moyoni, huyu dogo ana nguvu.

Jumapili fundi kaja nyumbani, katia grenda kwenye bomba la kwanza. Likakatika kabla sijamaliza kumwambia avae miwani. Akazima, akaokota kipande, akatazama ndani, akanipa bila kusema neno. Ndani kuna mshono, umekwenda mwanzo mwisho kama kovu la operesheni. Kalipa ikasema 1.5. Tukafuta kwa tina, rangi nyeusi yote ikabaki kwenye kitambaa; chini yake ni chuma kile kile cha kutengenezea mageti. Mpwa wangu, ambaye ndiye navigeta, anayekaa kushoto kunisomea njia, alikuwa kakaa juu ya ndoo anatutazama. "Mjomba, hii ndiyo ingetushika tukibiringika?" Sikumjibu.

Jumatatu nimerudi. Duka lipo, mwenyewe "kasafiri." Risiti yangu ni karatasi ya daftari imeandikwa "bomba 6," maana mashine ya EFD siku ile eti ilikuwa mbovu. RB ya polisi ninayo.

Huyu si sawa na wale wanaokuuzia sabuni kwenye boksi la simu. Huyu alitaka nimfungie mtoto wa dada yangu mkanda ndani ya geti. Jela haimtoshi. Achomelewe ndani ya keji ya mabomba yake, aachiwe mteremkoni kutoka Lushoto mpaka Mombo, kona zote, bila breki. Na yule dogo wa mluzi akae kushoto amsomee noti za kona.

Haya, dalili. Uzito kwanza: bomba la kweli la vipimo vile, mita 6, linakaribia kilo 16. Yangu nimeyapima kwenye mizani ya muuza mchele jirani, hakuna lililofika 10. Ndiyo maana dogo alikuwa anapiga mluzi. Vifuniko vitoe hapo hapo dukani, upime bomba unaloondoka nalo, siyo kipande cha mfano. Jina la kwenye simu nalo liwe la muuzaji. Kuna mengine, nikitulia nitaongeza, sasa hivi bado namtukana peke yangu barabarani.

Jina la duka siliweki hapa kwa kuwa suala liko polisi. Mabomba yapo chini ya mwembe, na mama watoto bado hajui bei. Akiwauliza, ni ya banda la kuku.