Godoro la kulalia juu ya theluji: anza na valvu

Wanaolala Crater Camp, ile kambi ya ndani ya kreta ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, karibu mita 5,700, wananiletea lalamiko lilelile: godoro la bei mbaya, slipingi begi nzito, na bado mgongo umeganda hadi asubuhi. Nikiwauliza walilijaza vipi, jibu ni moja: kwa mdomo.

Unene na uzito muuzaji atakutajia hata usipouliza. Valvu, ule mdomo wa kuingizia hewa, hakuna anayeitaja. Kule juu kila pumzi ina takriban nusu ya oksijeni unayoipata pwani, na wewe umepanda kutwa nzima, sasa unapuliza godoro huku kichwa kinagonga. Tena pumzi ni ya moto na ina unyevu. Hewa ikipoa inasinyaa, godoro linalegea na nyonga inagusa chini. Unyevu nao unaganda humo ndani, na kama godoro lina manyoya, yanashikana mabonge na joto halikai tena. Kwa hiyo usinunue godoro lisilo na mfuko wake wa kujazia hewa, wala lenye valvu usiyoweza kuifungua na kuifunga ukiwa na glavu. Vaa glavu hapohapo dukani ujaribu. Wakicheka, wacheke.

Kingine ni namba ya R, inayoonyesha godoro linazuia baridi kiasi gani. Tangu 2020 kampuni nyingi kubwa zinatumia kipimo kimoja, ASTM F3340, hivyo namba zao zinalinganishika. Juu ya theluji mimi sishuki chini ya 5.

Namba moja kwangu ni Exped Ultra 7R, yenye R 7.1. Ndiyo, nawapendelea hawa Waswisi na sijifichi: mfuko wao wa Schnozzel unajaza godoro kwa mikupuo michache, na ukimaliza unatumika kuhifadhia nguo zisilowe.

Ya pili ni Therm-a-Rest NeoAir XTherm NXT, R 7.3. Ni jepesi ajabu na halina manyoya ya kulowa, kwa hiyo wengi wataliweka juu. Shauri yao. Nemo Tensor Extreme Conditions ina R 8.5, kubwa kuliko zote hizi. Kama unasikia baridi hata Marangu, chukua hilo.

La sponji, mfano Z Lite Sol, lina R 2.0. Peke yake juu ya theluji, hapana. Litandike chini ya godoro la hewa, maana namba za R zinajumlishwa, na likitoboka lile la juu hulali juu ya barafu tupu.

Sasa wauzaji. Marekani XTherm inazidi dola 200, na hiyo tayari ni pesa. Duka moja Moshi lilinitajia karibu mara mbili ya bei hiyo, kwa godoro lililokwisha kutumika, maandishi ya R yamefutika na mfuko wa hewa haupo. Nikauliza R ngapi. "Dada, hii orijino." Orijino ya R ngapi? Kimya. Wanaokodisha ndio balaa zaidi, wanakukabidhi limekunjwa na kufungwa kamba, ukalifungulie huko huko mlimani. Mwambie alijaze mbele yako, ulilalie nusu saa kabla hujatoa hata shilingi. Akisema anafunga duka, mwambie utarudi kesho akifungua.