Unga wa uwele wa akina mama wa Mvumi

Nilinunua kilo mbili za unga wa uwele na mfuko wa mlenda mkavu kwenye kibanda cha kikundi cha akina mama wa Mvumi, hapa Dodoma mjini. Ugali wake ni uleule wa kwa bibi: wa kijivu, unanukia, hauna mchanga hata chembe. Mlenda niliuunga kwa karanga, watoto wakaramba bakuli.

Kasoro moja: mfuko hauna tarehe ya kusagwa, na unga wa uwele una mafuta, huingia uchungu upesi. Nimewaambia, wamepokea vizuri. Mbegu wanatunza wenyewe, masuke yananing'inia juu ya moshi wa jikoni. Mahindi yangu yalikauka mvua ilipokatika. Uwele wao ulisimama. Msimu ujao nimeomba mbegu kwao.