Tahadhari: buti za jeshi "mpya, hazijavaliwa" zinazobanduka soli uwanjani

Ndugu zangu mnaocheza easofti hapa Uingereza, yaani mchezo wa vita vya kuigiza kwa bunduki za vidonge vya plastiki, hasa vijana mlioanza msimu huu na bado mnatafuta viatu, tafadhali someni hii kabla hamjatuma pesa. Kuna muuzaji mtandaoni anayeuza buti za ziada za majeshi ya Ulaya, na buti zake zimeoza soli. Simtaji kwa jina kwa kuwa akaunti anazibadilisha kila mara. Mtambueni kwa tangazo lake, maana hilo halibadiliki.

Picha ni ya buti nyeusi ndefu za ngozi, safi kabisa. Maelezo yanasema "mpya, hazijavaliwa, zimetoka ghala la jeshi". Bei ni pauni 35, na saizi zote zipo, kuanzia 6 hadi 12. Malipo anayataka kwa PayPal kupitia ile njia ya kutumiana pesa ndugu na marafiki, au moja kwa moja benki. Na buti zinafika kweli, ndiyo maana watu wanamwamini na kuelekezana kwake. Ukizivaa sebuleni huoni kasoro yoyote.

Mdogo wetu mmoja alizivaa kwa mara ya kwanza kwenye mechi ya msituni. Kabla ya mapumziko ya mchana soli ya kulia ilikuwa inameguka kama keki iliyokauka. Aliposhuka mteremko wenye mizizi na majani yaliyoloa, kisigino chote kikabanduka na kifundo cha mguu kikapinduka. Siku iliishia hospitalini. Kazi yake ni ya kusimama ghalani zamu nzima, kwa hiyo aliumia mguu na mfuko kwa pamoja. Nilipouliza kwa wenzetu, nikakuta si yeye peke yake.

Sababu inajulikana. Soli za buti nyingi za jeshi na za kupanda milima zina tabaka la poliyurethani, povu jepesi linalomwagwa kwenye kalibu na kushikana na ngozi moja kwa moja. Povu hilo huvunjwavunjwa polepole na unyevu wa hewani. Wataalamu huita haidrolisisi. Hutokea hata kiatu kikiwa ndani ya boksi, na ghala lenye joto na unyevunyevu huharakisha uozo huo. Umri unaotajwa mara nyingi kwa soli za aina hii ni kati ya miaka 5 na 10 tangu kutengenezwa, si tangu kununuliwa. Kiatu kinachotembelewa mara kwa mara mara nyingi hudumu kuliko kilichofungiwa kabatini, kwa sababu mkandamizo wa hatua husaidia kusukuma unyevu nje ya povu. Kwa hiyo ukiona "hazijavaliwa" kwenye buti za zamani, usifurahi haraka. Uliza kwanza zimekaa tangu mwaka gani.

Muuzaji huyu anajua anachokifanya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Jozi nilizozishika mwenyewe zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi nzito pembeni mwa soli, kisha nyufa zikazibwa kwa gundi. Ukikwaruza kidogo rangi inatoka na nyufa zinaonekana zimezunguka kisigino kizima. Mtu haipaki soli rangi kwa bahati mbaya.

Kabla ya kulipa, mwombe picha ya soli kwenye mwanga wa mchana, na video fupi akiikunja buti kwa mikono miwili. Soli nzima hukunjika na kurudi, iliyooza hutoa mlio wa kukatika au hufunguka nyufa. Ukiwa nayo mkononi, bonyeza pembeni kwa ukucha: ikibaki shimo, ikinata au ikitoa ungaunga, usiivae uwanjani. Tazama pia chini ya soli na kwenye lebo ya ulimi. Soli nyingi za kalibu zina duara dogo lenye mwaka na mwezi wa kutengenezwa. Msidanganyike na ile namba ndefu ya tarakimu 13 ya NATO. Inaeleza ni kifaa cha aina gani tu, haithibitishi kwamba kiatu ni kipya wala kizima.

Kuhusu pesa zenu. Njia ya ndugu na marafiki haina ulinzi wa mnunuzi wa PayPal, na ndiyo sababu anaing'ang'ania. Ukilipa kwa njia ya kawaida ya bidhaa unaweza kufungua malalamiko, na ukilipa kwa kadi ya benki unaweza kuiomba benki ijaribu kurudisha malipo. Kauli yake ya "mali ya jeshi hairudishwi" haina nguvu kama ni mfanyabiashara. Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 kukataa bidhaa mbovu na kurudishiwa pesa yote, na ukinunua mtandaoni kwa mfanyabiashara una siku 14 tangu uipokee kubadili nia hata bila sababu. Yeye hudai ni mtu binafsi anayepunguza vitu nyumbani. Mtu binafsi hana buti mpya za saizi zote mwaka mzima! Kujifanya mtu binafsi ilhali unafanya biashara kumepigwa marufuku hapa, na Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri kwa wananchi, hupokea malalamiko ya namna hiyo na kuyafikisha Trading Standards, idara za serikali za mitaa zinazosimamia biashara halali.

Najua kwa nini vijana wanavutwa na bei hii. Viwanja vingi vya msituni vinataka buti inayofunika kifundo, na ukishalipia kuingia, kukodi bunduki na miwani, mfuko umekauka. Lakini si lazima iwe ya jeshi. Buti ya kawaida ya kupanda milima, yenye soli ya mpira yenye meno marefu, inatosha kabisa kwa matope ya huku. Nenda dukani uijaribu na soksi nene, ikiwezekana jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache nafasi mbele ya vidole, la sivyo mteremko utakuumiza kucha. Ukicheza zaidi ndani ya majengo, chukua nyepesi yenye soli inayoshika sakafu laini. Ukitaka ya jeshi hasa, tafuta duka linalotaja mwaka wa kutengenezwa na linalokubali kurudishiwa.

Wenye jozi kutoka kwake: msizivae mechi ya wikiendi hii hata kama zinaonekana nzima. Zipigeni picha soli, lebo na boksi, hifadhini ujumbe wote mlioandikiana naye na risiti ya malipo, kisha nitumieni kwa faragha. Nakusanya ushahidi wa wote ili malalamiko yaende pamoja. Na ukiliona tangazo lake kwenye kundi lolote la wachezaji, ripoti kwa wasimamizi na uwaonyeshe picha za soli zilizobanduka.