Wanasema inaonyesha kila baiti. Yangu iliificha

Programu hii ya kuchungulia poti ya siriali (tundu la kebo linalopitisha data biti moja moja) inajinadi kwamba inaonyesha kila baiti inayopita kati ya kifaa na kompyuta. Kila baiti! Nililipia maneno hayo mawili.

GPS yangu ya mkononi, ile ya zamani ya kebo ya siriali, ilikuwa ikihamishia vituo (alama za mahali) nilivyohifadhi kwenye kompyuta, ikifika katikati inakwama. Pande zote mbili ziko kasi ya 9600, kebo nzima, betri mpya. Nikawasha programu, data ikamiminika, mara kimya. Nikarudia. Kimya, palepale. Usiku ule nilihesabu baiti kwa kidole kwenye kioo hadi macho yakaniuma.

Nikawaandikia huduma kwa wateja na kuwatumia rekodi yote. Likaja jibu la mstari mmoja: "Kifaa chako kibovu, nunua kingine." Hata salamu hakuna. Na sidhani kama faili lenyewe walilifungua.

Siku kadhaa baadaye nikaunga waya wa kutuma wa GPS kwenye pini ya kupokea ya poti ya pili, ardhi kwa ardhi, udhibiti wa mtiririko (amri za kusimamisha na kuendeleza data) nimeuzima, nikausikiliza waya wenyewe. Hiyo hapo: 13 ya heksa (hesabu ya kumi na sita), yaani 19 ya kawaida, kabla tu ya ule ukimya. Kwenye rekodi ya programu niliyoilipia, 4F inafuatwa na 02. Hakuna 13, hakuna hata pengo.

19 ndiyo XOFF, amri ya kuacha kutuma. Poti ilikuwa imewekwa itii amri hiyo, basi draiva (programu ya ndani inayoendesha poti) ikaimeza baiti ya data ikidhani ni amri, kompyuta ikaacha kujibu, GPS ikabaki inangoja. Programu inachungulia juu ya draiva. Kilichomezwa huko chini haikioni. Naelewa. Lakini basi msituambie kila baiti!

Kusema haki, muda unaoandikwa kando ya kila mstari ndio ulionionyesha kwamba inakwama kulekule kila mara. Bila hiyo ningeshaitupa GPS. Nilikuja kuipa nyota moja, nikawa nimeshafika tatu.

Halafu nimelisoma tena lile jibu. "Nunua kingine." Kifaa ninacho hapa mkononi, kimehamisha vituo vyote hadi cha mwisho, na nilichofanya ni kuondoa tiki moja, ile ya kutii XOFF, kwenye mipangilio ya poti. Tiki moja! Nyota ni moja, sibadilishi tena.