Nimeenda tena kumwona gorila Binti Jua (Brookfield Zoo, Chicago)

Nyota nne na nusu. Ile nusu nimeizuia makusudi, mtaona huko chini kwa nini.

Niseme ukweli mi sio mtu wa zuu kabisa. Nimekulia Tanga, baadaye Dar, na mnyama wa kufungiwa nilikuwa namuona mara moja kwa mwaka Sabasaba kwenye banda la Maliasili, mnapanga foleni na jua la saa nane, mama kakushika mkono mpaka vidole vinauma usije ukapotea, mkifika mbele simba kalala kawapa mgongo na watu wa nyuma wanasukuma "sogea na wewe ushaona inatosha". Gorila sikuwahi kumuona hata siku moja maana Tanzania hatuna, tuna sokwe wa Gombe na Mahale kule Kigoma, na nyumbani ukisema gorila mtu anakujibu si ndo huyo huyo sokwe, unaacha tu.

Sasa 2014 nimejifungua mtoto wa kwanza, mama akaja kunilea. Miezi miwili ndani ya apatimenti kama kuku wa tundu, hajui Kiingereza, kipindi cha tivii anachoelewa ni cha mapishi tu. Nikasema leo tunatoka. Tukapanda treni ya Metra mstari wa BNSF, kituo cha kushuka kinaitwa Hollywood, nikampiga picha chini ya kibao akawatumia mashoga zake Tanga, mpaka leo kuna watu wanaamini alifika Hollywood yenyewe na hajawahi kuwasahihisha. Kutoka kituoni ni kutembea kidogo tu, hata na kigari cha mtoto haina shida.

Twiga akawapita bila kugeuza shingo. "Hawa nimewaona Mikumi nikiwa kwenye basi naenda Iringa, tena bure." Basi nikajua siku imeharibika.

Halafu tukaingia Tropic World. Hii ni nyumba moja kubwa mno, ya miaka ya 1980, imegawanywa Amerika ya Kusini, Asia na Afrika, wewe unapita juu kwenye njia kama daraja na wanyama wako chini yako kwenye miamba na miti ya zege. Ndani kuna joto na unyevu, nguo inakugandia mwilini, na ukibahatika inanyesha mvua ya kutengeneza na radi za kwenye spika. Mama alivua sweta mlangoni akavuta pumzi akasema "hee, Tanga hii". Kwa mara ya kwanza tangu afike akaonekana yuko sehemu anayoijua.

Pale Afrika kwa magorila kulikuwa na mzee wa kujitolea anawaeleza watu, yule ni nani, huyu ni mtoto wa nani. Mi nilikuwa nahangaika na chupa ya maziwa sijasikiliza, mama ndo kanigusa bega. "Huyo mzungu kasema binti nini?" Nikamuuliza mzee, akarudia, Bintii Juwaa. Binti Jua! Mama akacheka mpaka akakaa. Halafu akaniuliza swali la mtu wa pwani: "Hilo ni jina au maelezo? Baba yake ndo Jua?" Maana kwetu ukisema binti fulani unamtaja na baba yake, kama Siti binti Saad, sasa huyu ni binti wa nani? Nikamtafsiria mzee naye akafurahi kweli, akasema ndiyo, baba yake gorila aliitwa Sunshine, yaani mwanga wa jua. Kwa hiyo jina liko sawasawa! Mama akakubali kwa kichwa kama kadhi. Na huyo Binti Jua ukoo wake si mdogo, shangazi yake ni Koko, yule gorila wa California aliyefundishwa lugha ya ishara, na baba yake Koko jina lake lilikuwa Bwana. Kiswahili kitupu. Binti Jua mwenyewe alikuwa na mtoto wa kiume anaitwa Bakari. Halafu kuna mwingine pale pale anaitwa Kamba, hapo sijui walifikiria nini.

Kinachochekesha zaidi ni kwamba hawa wa kwenye zuu karibu wote ni gorila wa magharibi wa nyanda za chini, asili yao Cameroon, Gabon na huko huko, hakuna anayeongea Kiswahili. Wale wa kwetu kwetu, wa milimani, wako Rwanda, Uganda na Congo na zuu huwakuti. Ukitaka kuwaona unapanda mlima, na kibali cha Rwanda kwa mgeni ni dola 1,500 kwa saa moja (sisi wa Afrika Mashariki bei yetu iko chini lakini bado jipange). Mi na kigari cha mtoto nikachagua Metra.

Kwa wasiomjua Binti Jua. Tarehe 16 Agosti 1996, hapo hapo tuliposimama, mtoto wa kiume wa miaka mitatu aliparamia kizuizi akaanguka chini kwa magorila, akazimia. Binti Jua ana miaka 8 wakati huo, mgongoni kabeba mtoto wake Koola, akaenda akamuinua yule mtoto wa watu, akampakata, akambeba mpaka kwenye mlango wanaoingilia wahudumu akamuweka chini taratibu wakamchukua. Mtoto alilazwa siku chache akapona. Baadaye wataalamu wakabishana sana, wengine wakasema ni huruma, wengine wakasema hapana, huyu alilelewa na watu kwa mikono, na kabla hajazaa alifundishwa kwa mwanasesere namna ya kubeba mtoto na kumleta kwa wahudumu, kwa hiyo alifanya alichofundishwa. Nikamsimulia mama huo ubishi wote. Akanitazama na mtoto wangu mkononi akasema "na wewe je, unadhani mi sikufundishwa?"

Siku ile Koola alikuwa na kachanga kake kanaitwa Nora, kamezaliwa Novemba 2013, kamenata kwa mama yake kama kupe. Na Binti Jua, ambaye sasa ni bibi, kakaa pembeni anachambua majani, kila baada ya muda anawatupia jicho halafu anaendelea na majani yake. Mama akasema "huyo ndo mimi". Tulikaa pale saa nzima na nusu jamani, twiga hakupewa hata dakika.

Ila wakati tunatoka akauliza, hawa wanatolewa nje saa ngapi? Nikamwambia hawatoki mama, nyumba yao ndo hii. Akasimama. "Binti Jua na jua halioni?" Sikuwa na jibu, na mzee wa kujitolea nilimuonea aibu kumtafsiria hiyo. Nusu nyota yangu imekatika hapo. Nyumba ni nzuri, wanyama wana afya, wahudumu unaona kabisa wanawapenda, lakini ilikuwa ni miaka zaidi ya 30 chini ya paa kwa mtu mwenye jina lile.

2016 ikatokea ya Harambe kule Cincinnati, mtoto tena wa miaka mitatu, kaangukia kwa dume la miaka 17 lenye karibu kilo 200, likamburuta kwenye maji, wakampiga risasi. Jirani yangu Mkenya aliumia mara mbili, kwa gorila na kwa jina, anasema Harambee ina e mbili, wamemuua na herufi wamekula. Mi nilichoshtuka ni kwamba 1986 kule kisiwa cha Jersey ilitokea hivyo hivyo, mtoto kaanguka, dume likaenda likakaa kati yake na wenzake na kumgusa mgongoni taratibu mpaka mtoto alipozinduka akaanza kulia, likaondoka na kundi lake. Lile liliitwa Jambo, wamelijengea sanamu. Jambo, Binti Jua, Harambe. Sielewi hii kitu, kila gorila anayeangukiwa na mtoto ana jina la Kiswahili, mnaotoa majina muangalie.

Wanaouliza kama ni bora kuliko Lincoln Park Zoo: sio kitu kimoja. Lincoln Park iko mjini, kiingilio bure siku zote, na ile nyumba yao ya masokwe na magorila ya 2004 ina vioo, unakaa uso kwa uso na dume zima. 2022 walikuwa na gorila kijana anaitwa Amare, watu walikuwa wanamuonyesha simu kupitia kioo mpaka akawa habanduki, ikabidi waweke kamba watu wasogee nyuma. Yaani kama mpwa wangu tu. Kama huna bajeti nenda huko na utafurahi, halafu ukimaliza pita Field Museum ukamuone gorila Bushman, aliletwa kutoka Cameroon 1930 akiwa mtoto, akafa mwaka mpya wa 1951, wakamkausha, yuko kwenye kioo. Mi nilimpita haraka, macho yake yananitisha.

Brookfield unalipa kiingilio na gari unalipia mbali, kwa hiyo nenda na chakula chako. Sambusa zangu hakuna aliyenizuia. Kuna kazuu kamoja ka barabarani jimbo lingine, sitakataja, chips na soda zilinitoka dola 19, halafu tumbili mmoja peke yake kwenye tundu la waya anazunguka anazunguka, mwanangu akaniuliza mama yake yuko wapi. Tuliondoka hata nusu hatujamaliza. Kwa hiyo sio kila penye kibao cha zuu uingie.

Siri yangu kwa Waswahili wote wa Chicago: nenda Januari. Nje kuna theluji imefika magotini, hakuna watu, unaingia Tropic World unavua koti unakaa kwenye benchi mkabala na magorila na chai yako ya thamosi, joto la pwani bure, yaani sio bure, ila rahisi kuliko tiketi ya ndege. Miaka kadhaa hiyo ndo ilikuwa dawa yangu ya kukumbuka nyumbani.

Sasa kilichonifanya niandike leo. 2025 wamefungua viwanja vya nje, nyasi, magogo, udongo wa kweli, na magorila wanatoka wenyewe. Nilienda na mwanangu, yule wa kwenye chupa, sasa anavaa viatu namba moja na mimi. Tulisimama sana. Wengine walikuwa wanazunguka juani, wadogo wanafukuzana, ila jike moja kubwa limekaa chini ya kivuli limekunja mikono halitaki usumbufu. Hakuna aliyeniambia ni nani na sikuuliza, mi nimeamua ni yeye. Nikamrekodi dakika mbili nikamtumia mama Tanga, nikamwandikia Binti Jua katolewa nje hatimaye, kapewa jua lake na bado kakimbilia kivulini.

Voisi yake ikaja usiku, saa zao za alfajiri. "Muache akae hapo hapo. Jua la saa saba nani analichezea?"